Leseni ya Marehemu Kalume

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mvua tangu asubuhi. Ukungu wa ziwani umepanda mpaka mlangoni mwa duka langu la vitenge hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mteja hata mmoja! Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Néhémie, wamejaa. Anawapa watoto peremende, na hiyo ndiyo akili yake yote.

Mie nina kompyuta. Nina programu ya kutunza wateja, ile ya mtandaoni aliyonionyesha Swalik, fundi kompyuta wa Kakoba, kule Mbarara. Unaingiza majina na namba za wateja, yenyewe inawaandikia ujumbe kwenye simu na kuwaita warudi. Shida ni leseni. Wenye programu wanatoza kwa kila mtumiaji, kila mwezi, tena kwa dola. Hata nikiuza duka pamoja na mlango wake sifiki. Lakini mtumiaji mpya hupewa siku chache za kujaribu bure. Jina jipya, namba mpya ya simu, basi. Siku zangu mimi zimekwisha jana. Natafuta jina.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka kuomba jina. Hakuna anayetoa! Watu wa kambi hawa. Jina la mtu liko kwenye kadi ya chakula, na hataki liandikwe fasi nyingine, asije akaambiwa siku ya kuhesabiwa kwamba amejiandikisha mara mbili. Hata Annonciata, mke wangu wa ndoa, amekataa. Kasema jina lake amelipeleka fasi mbili tu, kwa padri na kwenye kadi, na ya tatu itakuwa kaburini.

Kaburini! Hapo ndipo akili iliponifunguka.

Kalume! Rafiki yangu, fundi cherehani, tuliyefungua naye duka hili kabla homa haijamchukua. Marehemu hahesabiwi. Kadi walishamfuta. Jina lake limekaa tu, halina kazi, na namba yake naijua kwa kichwa. Nimemwandikisha, nikaingiza na orodha ya wateja wangu. Pole, ndugu yangu, ulipokuwa mzima ulinisaidia mambo mingi, nisaidie na hili.

Programu ikajibu kwa Kifaransa: karibu, Kalume, tumefurahi umekuja. Nywele zikanisimama. Ni baridi ya ule ukungu, najua.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka, kaniambia mimi ni mavumbi. Nimerudi dukani nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na majivu yake kwenye paji la uso. Kimya! Hakuna anayeomba kupunguziwa bei. Mama Mukashema, ambaye siku zote hugombana kwa ajili ya nusu mita, kachukua kitenge bila kutazama rangi, kalipa, kisha kaniuliza polepole kama yeye sasa ameridhika.

Yeye nani? Mama akanionyesha simu yake. "Tumekukumbuka. Njoo utuone. Wako, Kalume."

Aiii! Kumbe programu inaweka jina la mtumiaji chini ya kila ujumbe. Nimehangaika kulifuta. Haiwezekani: kufuta jina ni kwa wenye leseni ya kulipia. Wezi hao!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeuza leo kuliko mwezi mzima uliopita. Sababu nimeielewa. Wazee wetu wa Kivu wanasema marehemu akikuita kabla matanga hayajaondolewa, ujue anataka salamu tu. Nenda kamsalimie, usisubiri akufuate. Matanga ya Kalume bado, basi watu wanakuja dukani kumsalimu, wanaona haya kutoka mikono mitupu, wananunua. Annonciata akaongeza kwamba matanga yakishaondolewa mambo hubadilika. Hapo marehemu hana tena salamu huku, na mtu atakayeitwa naye anaitwa aende kule aliko. Nikamwambia aache kunitia baridi, nahesabu mita.

Raha kubwa: Néhémie naye! Nilimtia kwenye orodha ya wateja kwa uchokozi tu. Kaja mbio, midomo imekauka, kanunua vitenge vitatu kwangu mimi mshindani wake, na akatoka kinyumenyume.

Jumapili, 9 Machi

Leo sina raha.

Baada ya misa Chantal, mjane wa Kalume, alinisubiri nje ya kanisa. Matanga tumepanga kuyaondoa Jumamosi. Akaniambia haondoi kitu. Akauliza kwa nini mume wake anaandikia Base Camp nzima, hata Néhémie, na yeye mkewe hajamwandikia neno. Simu ya marehemu anaitia moto kwenye sola kila siku isizimike, anailaza kwenye mto wake, anangoja.

Mie nilidhani simu ile ilizimwa zamani! Ningesema pale pale kwamba ni mimi. Badala yake nikasema, shemeki, labda ana kazi mingi. Mungu wangu, mdomo huu! Akaitika, akafuta machozi. Akasema ni kweli, Kalume alikuwa mtu wa kazi.

Jumatano, 12 Machi

Chantal kaja dukani, simu ya marehemu mkononi. Imelia yenyewe asubuhi. Kifaransa anakijua, alisomeshwa na masista. "Kalume, muda wako unakwisha Jumamosi. Lipia leseni ili uendelee kuwa pamoja nasi."

Ni tangazo la programu. Walilituma kwa namba niliyoandika mimi.

Chantal alitaka kujua wanaodai ni nani huko, na mtu asipolipiwa wanampeleka wapi. Kisha akasema atalipa. Atamuuzia Néhémie cherehani, Ijumaa. Cherehani ile! Ndiyo inayomlisha yeye na watoto, kingine hana.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasikia nauliza Néhémie anatoa bei gani. Na kichwa changu, bila kuambiwa, kikapiga hesabu: leseni ya mwezi mzima! Naandika haya naona haya. Jioni, juu ya maharage, nimemsimulia Annonciata habari ya cherehani, siyo hesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda Mbarara, Swalik anisaidie kulifunga jina la Kalume kwenye programu, yaishe. Laptop nimeiacha nyumbani, mezani, wazi vile vile, kwa ajili ya matope. Annonciata alikuwa amekaa mbele yake anachambua maharage.

Kakoba, kwa Swalik. Nimeandika jina, nimeandika neno la siri. Programu imekataa. Kalume tayari yumo ndani, anatumia. Leseni moja, mtu mmoja. Swalik akaniambia kwa Kiswahili chake, ssebo, yaani bwana, huyo Kalume iko ndani nafanya kazi, wewe ambia yeye atoke kwanza. Nikamwambia Kalume tulimzika. Swalik akaondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. Innalillahi! Akasogeza kiti mpaka ukutani.

Tumengoja. Nimejaribu tena, imefunguka. Kwenye orodha ya wateja kuna ukurasa mpya. Chantal. Sikumwandika mimi! Na chini yake, kwenye fasi ya maelezo: "Asiuze cherehani."

Swalik amekataa hata pesa ya kompyuta. Kasema nitoke. Kufunga jina nimesahau kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala Mbarara, na leo bodaboda imeniangusha mara mbili kwenye matope. Njia nzima nimefanya mazoezi ya ukweli: shemeki, ni mimi, nisamehe. Nimefika kwa Chantal, Néhémie ameshafunga cherehani kwenye baiskeli. Ukweli, mbele ya Néhémie? Nikapiga kelele kwamba Kalume amekataza, asiuze!

Chantal akauliza kama ameandika hivyo. Nikasema ndiyo, kwa jina lako. Akakaa chini pale pale kwenye matope, analia, anacheka, anasema basi hajanisahau. Néhémie akafungua kamba. Cherehani imerudi ndani.

Nyumbani nimemsimulia Annonciata. Hakushtuka hata kidogo. Kasema kumbe marehemu ana akili kuliko wazima, akaendelea na maharage yake. Wanawake wana roho ngumu!

Jumamosi, 15 Machi

Matanga yameondolewa. Tumeimba, tumekula. Chantal ameizima simu mwenyewe, ametoa betri, amekwenda kuifukia kando ya kaburi. Uso wake umepumzika. Nimeapa moyoni: majina ya wafu, basi!

Jioni programu imejifunga. Jina la Kalume limekwisha, hakuna kuingia. Amina.

Jumapili, 16 Machi

Ukungu tena. Mteja hakuna. Kwa Néhémie wamejaa.

Saa sita simu yangu imelia. "Anselme, tumekukumbuka. Njoo utuone. Wako, Kalume."

Namba yangu haimo kwenye orodha. Haikuwamo kamwe. Nimemwonyesha Annonciata, ungo wa maharage ukamdondoka. Akapiga magoti, akaapa kwa Bikira Maria kwamba maneno ya cherehani ni yeye aliyaandika kwa laptop yangu siku ile, lakini haya siyo yeye. Akanishika shati. Ananikumbusha matanga yameshaondolewa, nisijibu, twende kwa padri sasa hivi.

Lakini yeye hajui biashara! Leseni imekwisha tangu jana na programu bado inatuma! Bure! Hawajui kufunga vizuri, hao wenye dola. Kesho namwongeza na mzee Bonaventure, jirani tuliyemzika juzijuzi, hana mjane, hana fujo, watakuwa watumiaji wawili.

Ila kwanza nilitaka kuhakikisha kama kweli inafanya kazi. Nimejibu: "Nakuja."

Imepokea.