Mashangazi Wanatuharibia Kazi ya Vyumba

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Pamoja ya Ngoma na Malazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima na koo limepona baada ya hotuba ya ufunguzi. Mimi ni mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane, ile iliyo nyuma ya uwanja wa maonyesho. Katika kikao cha wadau ulituahidi kwamba ngoma zikilia, vitanda vitajaa. Nikakuamini. Nikapaka rangi, nikanunua mashuka, nikabadilisha hata bomba lililokuwa likikohoa. Leo ni siku ya pili ya tamasha, uwanja umefurika, na vyumba vyangu ni vitupu. Wiki hii ikipita hivi, nafunga mlango, na roho inaniuma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mcheza ngoma akishuka stendi, hajatua hata begi, shangazi yake ameshamdaka: "Ulale hotelini, kwani sisi tumekufa?" Huo ni ushindani usio wa haki. Mimi siwezi kumnunia mgeni hadi aone aibu.

2. Asiye na shangazi anapewa. Jana mpiga picha mmoja, hamjui mtu hapa, alimuuliza fundi cherehani njia ya kuja kwangu. Hakufika. Asubuhi nimemkuta uani kwa fundi, anamenya viazi na watoto wanamwita mjomba.

3. Mama yako mzazi, kwa heshima zote, amelaza wapiga marimba saba sebuleni. Saba! Na mwanawe ndiye mwenyekiti wa malazi.

Kwa hiyo naomba kamati ipige marufuku neno "karibu" kuanzia stendi hadi uwanjani, na atakayekutwa na godoro la ziada aeleze ni la nani. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; mimi nasema siku ya kwanza apewe ufunguo.

Nisalimie wanakamati, wapiga marimba wote, na mama.

Wako katika ushirikiano wa wadau,
Mwenye Nyumba ya Wageni

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama yangu mdogo ameingia na kikundi chake cha ngoma, watu kumi na wanane, eti wamekuja kupanga vyumba kama wageni wengine. Nimekasirika. Mama mdogo anilipe mimi? Nimewagawia vyumba vyote vinane, pamoja na kitanda changu. Kama unamjua shangazi yeyote mwenye nafasi ya mtu mmoja, niombee, shuka ninalo.