Kamati ya Mambo Mengine Yote

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Serikali, kwa hekima yake isiyokwenda likizo, imeunda Kamati ya Kuhakikisha Mambo Mengine Yote Yanabaki Vilevile. Makao yake ni duka langu la mikate. Mwenyekiti ni Mkurugenzi wa Makadirio. Mimi ni mjumbe, kwa sababu viti ni vyangu.

Shule sikusoma sana, lakini nilieleweshwa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uchumi walitunga modeli ya kihisabati ya mtaa wetu. Bei ya mkate waliiita P, wanunuzi wakaitwa Q. P akipanda, Q anashuka, kama watoto kwenye ubao wa bembea. Chini kabisa wakaandika sharti: mambo mengine yote yakibaki vilevile.

Mkurugenzi alipolisoma alipiga meza. "Nani anasimamia mambo mengine yote?"

Wanafunzi wakapekua karatasi zao.

"Aibu! Modeli nzuri namna hii, halafu mtaa uachwe ujiendee tu?"

Amri ikashuka. Mpaka wanafunzi wakabidhi kazi zao, hakuna kuhama, kuugua wala kunenepa. Jirani mjamzito aliombwa ushirikiano. Wingu lilipotanda, lilipewa onyo. Mimi niliafiki. Marehemu mke wangu alifia kwenye foleni ya dawa, na siku ile hakuna ofisa aliyekuja mbio kuzuia mabadiliko. Nchi imepiga hatua.

Kikwazo kilikuwa binti yangu, aliyekuwa aolewe Jumamosi na fundi baiskeli.

"Harusi ni mshtuko wa nje," Mkurugenzi alimwambia. "Wageni watakula mikate, Q ataruka juu."

"Shikamoo, mheshimiwa. Huyo Q ana mchumba?"

"Marahaba. Hana."

"Ndiyo maana hana haraka."

"Ahirisha, binti. Mwakani."

"Mwakani na nani? Fundi amepata kazi ng'ambo ya mpaka, Jumapili anaondoka. Akiondoka bila mimi, ndiyo basi tena. Baba, sema neno! Si wewe ni mjumbe?"

Nikafanya walichonifundisha kwenye kamati: nikakohoa.

Ijumaa tuliketi kuthibitisha utulivu, wanafunzi wakiwa na rula zao. Simu ya Mkurugenzi ikalia. Akasikiliza, akasimama, kitambi kikamfuata baadaye.

"Nimeteuliwa! Naibu Waziri! Kesho naapishwa!"

Tukapiga makofi. Kisha nikanyoosha mkono, kwa unyenyekevu wote wa mjumbe.

"Hongera, mheshimiwa. Ila hayo si mabadiliko?"

"Ni cheo tu, mzee wangu."

Mwanafunzi mmoja, msichana wa miwani, akaitazama grafu yake kwa huzuni. "Mshahara ukipanda atanunua mikate mingi. Au ataisusa kabisa, ale keki. Vyovyote vile, modeli imekufa."

"Basi aahirishe," binti yangu akadakia kutoka nyuma ya kaunta. "Mwakani."

Tukapiga kura. Mikono yote ikapanda, hata wa dereva wake, ambaye si mjumbe.

Mkurugenzi akatutazama, akatazama suti yake, akatutazama tena. Jasho likamtiririka.

"Natengua amri!" akanguruma. "Yote! Kila kitu kibadilike kinavyotaka!"

Hajafunga mdomo, binti yangu alishavuka barabara. "Fundi! We fundi! Kesho!" Vigelegele vikalipuka kila mlango. Jirani yetu, aliyekuwa amejibana kwa uzalendo, akajifungua mapacha. Watu waliokuwa na mafua wakapiga chafya kwa raha zao.

Simu ikalia tena. Sauti ya huko juu tuliisikia wote.

"Mheshimiwa, tulikuteua kwa sababu umetuliza mtaa mzima. Hizo kelele ni za nini?"

"Ni... harusi."

"Nani karuhusu?"

Mkurugenzi akatafuta wa kumsingizia. Akaniona mimi. Mimi nikakohoa.

Uteuzi ukafutwa palepale.

Harusi ilifana, mikate iliisha kabla ya saa sita, na P na Q walipanda pamoja wameshikana mikono. Msichana wa miwani aliifumua modeli yake yote akaitunga upya, akapata alama za juu kuliko wenzake. Ndani yake kila kitu kinabadilika isipokuwa kimoja, ambacho amekipa herufi M. Walimu wake wanakisifu sana. Wanasema hawajawahi kuona kitu kilichotulia namna ile.

M huja dukani kila asubuhi, nami namhudumia kwa heshima zote. Cheo kilekile, bei mpya.