Nane na Sita, Kumi na Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba
Binti yangu kitindamimba anasomea ualimu maalumu wa watoto walioshindwa na hesabu. Ijumaa mkufunzi anakuja kumtazama akimfundisha mtoto mmoja. Mara ya kwanza alifeli. Akifeli tena, kwaheri cheti, nami nimsikilize akilia nyuma ya ukuta kama mwaka jana. Siwezi!

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wa jirani yangu mshona nguo, tunamwita Kibiriti. Mwulize saba na tano, anatazama dari kana kwamba jibu limeanikwa huko. Binti yangu anasema mwalimu maalumu hakimbilii jibu, anatafuta mtoto alipopotelea. Jamani! Mchungaji gani husifiwa kwa kujua mbuzi alipopotelea? Mbuzi arudi zizini, basi.

Nitamrudisha mimi.

Jumanne, 8 Oktoba
Binti alifanya mazoezi kwa sauti chumbani. Nikafagia mlangoni pake mpaka sakafu ikaomba msamaha. Maswali yote ninayo.

Sikukanyaga darasa, lakini vidole ninavyo. Nane na sita: nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Vidole sita, nimemaliza. Saba na tano, kumi na moja. Na watu wanasomea hiki miaka!

Jumatano, 9 Oktoba
Kibiriti jikoni kwangu. Kila jibu, kiganja cha karanga. Ameshika yote, roho yangu! Nikampakata ingawa miguu yake inaburuzika chini. Bibi yake akachungulia, akauliza tangu lini nina huruma na watoto wa watu. Nikamwambia ninayo siku zote, ila siipotezi kwa wakubwa.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimepeleka chai darasani, nikasahau kuondoka dirishani. Kibiriti akajibu kama mvua ya mawe. Kumi na moja! Kumi na tatu! Mkufunzi akainua nyusi: kila jibu limepungua moja. Limepungua? Nikashika nondo za dirisha.

Binti hakufoka. Akamwaga vizibo vya soda mezani, akamwambia mtoto amwonyeshe anavyohesabu. Kibiriti akaanzia nane. Binti akavifunika vizibo vinane kwa kiganja: hivi unavyo tayari, mwanangu, anza na kinachofuata. Tisa... kumi na nne. Mtoto akacheka, akataka swali jingine, na jingine.

Binti amefaulu! Mkufunzi kasema hajawahi kuona kosa lililonyooka vile, akauliza nani kamfundisha. Kibiriti akanyoosha kidole dirishani. Niliacha chai na kiatu kimoja.

Jumamosi, 12 Oktoba
Binti amenikalisha na vizibo vyake. Mama hivi, mama vile. Nikaitikia yote, mwenye cheti hupenda kuitikiwa. Lakini tuseme kweli: nisingempoteza mbuzi vizuri vile, angemtafuta nani?

Mwenzake wa chuoni anatazamwa wiki ijayo. Maskini, mama yake yuko mbali. Mtoto atakayemfundisha nimeshamwita jikoni, karanga ninazo. Tisa na nne: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

Kumi na mbili!