Kadi ya Jerotich Ilivyosomewa Pioneer Nzima

Nimeaibika leo. Na si aibu ya kimyakimya, nimeaibika kwa sauti. Nimefika nyumbani Kimumu, nimevua viatu, sijapika na sipiki. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Pioneer, maana wao wataongeza chumvi.

Mnajua nauza tenki za maji na mabati kwa duka la Mzee Karanja, huko mtaa wa Pioneer. Miezi sita nimemsumbua huyo mzee tuanze kupokea malipo ya kadi kwa simu. Yaani mteja aliye ng'ambo anapiga, ananisomea nambari za kadi yake, mimi naziingiza kwa mashine, pesa inafika, tenki linaenda kwa mamake. Shida ya watu wetu wa ng'ambo tunaijua. Wakimtumia ndugu pesa ya tenki, tenki halionekani.

Mzee hakutaka. "Mama Shiru, hiyo kitu italeta maneno." Wiki jana akakubali shingo upande. "Lakini wewe ndio utajibu. Shida moja tu, mashine inarudi ilikotoka." Nikaapa. Nikaenda mafunzo ya siku moja, nikafundishwa kwamba nambari ya kadi haisemwi watu wakisikia, wala haiandikwi popote. Nikapewa cheti. (Nilikaa mstari wa mbele, tena nikauliza maswali.)

Leo ndiyo nilipata mteja wa kwanza. Na leo ndiyo niliamka nimechoka, kwa sababu mtoto wangu Shiru ana homa na sikulala vizuri.

Nje ya duka tuna spika kubwa ya kuita wateja. Kila asubuhi naiunganisha na simu yangu bila waya, inapiga nyimbo za injili mpaka jioni. Saa nne simu ikaita. Muziki ukakatika wenyewe. Nikafurahi, nikaona simu yangu ina adabu. (Mwenye akili angejiuliza.) Nikailaza kwa kaunta ili mikono yote ibaki kwa mashine.

Alikuwa Jerotich, muuguzi huko ng'ambo. Sauti yake ilitoka kubwa, safi, ungedhani yuko mlangoni. Nikashukuru mtandao.

"Mama Shiru, mbona nasikia pikipiki mingi hivyo?"

"Ni stage ya boda hapa nje, madam. Zoea tu."

"Sawa. Nataka tenki ya lita elfu tano. Ipelekwe kwa mama, Yamumbi. Anachota maji kwa jirani na goti yake ni mbaya."

"Itafika leo leo."

"Na nalipa nyinyi direct. Nilitumia ndugu yangu Kevo pesa ya tenki mara mbili. Ya kwanza sijui ilienda wapi. Ya pili alinunua pikipiki."

Jameni, nilicheka mpaka nikashika kaunta. "Huyo ni wa kushikwa!" nikamwambia. Huko nje pikipiki zikaanza kuzimwa, moja, ya pili, zote. Nikafikiri leo stage wana heshima.

Kisha nikakumbuka mafunzo. Nikasafisha koo. "Kabla usome, madam, hakikisha uko peke yako. Hizi nambari ni siri yangu na yako."

"Niko bedroom. Na wewe?"

"Mimi niko peke yangu kabisa."

Akasoma. Nambari zote, mwezi ambao kadi inaisha, hata zile tatu za nyuma. Alisoma polepole, akitamka vizuri, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mashine ikakataa. Kwa macho yangu ya usingizi nilikuwa nimekosea mwishoni.

"Pole madam. Rudia nne za mwisho."

Kabla hajajibu, mtu akapaza sauti nje: "Tisa, mbili, mbili, saba!"

Mwingine akamkatiza: "Zii! Ni tisa, mbili, saba, saba! Mimi nimeandika!"

Nikainua macho. Mlango mzima ulikuwa helmeti. Mama wa ndizi alikuwa ameacha ndizi zake. Mwenyekiti wa stage alikuwa na kalamu, ameandika kadi ya Jerotich kwenye kiganja. ("Nilikuwa nakusaidia, mama, kama network ingepotea.") Na katikati yao amesimama Kevo, huyu Kevo wa boda ambaye kila siku namtuma apeleke misumari na gata za maji ya mvua. Sikuwa nimejua Kevo wangu ndiye yule Kevo. Alikuwa anaangalia ardhi.

"Mama Shiru?" sauti ya Jerotich ikanguruma juu ya vichwa vyao. "Hao ni nani?"

Hapo ndipo nilielewa. Nikaanza kubonyeza simu kila mahali kuzima spika. Nikaongeza sauti. (Ndiyo. Nikaongeza.)

"Sister," Kevo akasema, "nyamaza kwanza. Unasikika mpaka kwa kanisa."

"Kevo? Ni wewe?"

"Ni mimi. Usisome kitu ingine." Akainama, akachomoa waya wa stima wa spika. Halafu akanigeukia kwa upole, na huo upole ndio uliniua: "Mama Shiru, vitu za kadi ni za siri."

Mtu aliyekula tenki mbili! Ananifundisha mimi, mwenye cheti!

Jerotich alifunga kadi papo hapo. Nikasema pole mpaka neno likaisha utamu. Mwishowe akapumua. "Kadi mpya ikikuja nitakupigia. Lakini utoke hapo kwa duka uende katikati ya shamba ya mahindi, peke yako." Mzee Karanja naye akapiga simu. "Nimesikia," akasema. Basi. Mashine iko kabatini mpaka huyo mteja arudi. Nilienda nyuma ya mabati nikalia kidogo, siwafichi, kwa sababu kesho yule mama bado angechota maji na lile goti.

Niliporudi, mwenyekiti alikuwa ananawa kiganja kwa sabuni mbele ya mashahidi. Alipomaliza akamwambia Kevo, "Hiyo pikipiki ni tenki. Ipeleke maji. Kila asubuhi, kabla ubebe customer." Hakuna aliyecheka. Wakamfungia mitungi minne, akaenda.

Jioni mamake Jerotich mwenyewe amenipigia kutoka Yamumbi; Kevo amemwambia ni mimi nilimtuma. Mambo ya kadi hajui hata kidogo. "Mama Shiru, asante sana kwa kutuma Kevo. Tangu anunue hiyo pikipiki, leo ndio imefika kwangu. Sijui ulimwambia nini."

Nikamwambia karibu, nikakata simu, nikakaa chini.

Kesho narudi kazini. Atakayenisalimia kwa tisa, mbili, saba, saba, namuuzia tenki lililotoboka.