Kaburi la Babu Byabato na Barabara ya Hamugembe

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Mvua tangu alfajiri. Paa la nyasi linavuja penye kitanda changu tu, kwa Mama halivuji. Saa nne kaja Kagaruki, karani wa ofisi ya ramani. Viatu vyeusi, soksi mpaka magotini, mwavuli. Kazi hiyo tuliiomba wote wawili mwaka jana. Yeye kasoma misheni. Mimi nimejisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, na nina hakika najua mengi kuliko yeye. Wakampa yeye.

Kapiga kigingi chekundu katikati ya jiko letu. Eti barabara mpya ya Hamugembe inapita hapo. Itachukua jiko na migomba saba. Nyumba itabaki, ila tupeleke ombi na mchoro wa nyumba ndani ya siku kumi na nne, na tuahidi kuezeka mabati mwakani. Kasema mchoro atanichorea yeye, jioni akitoka kazini, bure. Mama akamshukuru kama kaletewa mbuzi. Kagaruki akamwamkia tena wakati wa kuondoka, na mimi akaniita kaka. Tumezaliwa mwaka mmoja.

Jiko hilo alilijenga baba kabla hajaenda vitani Burma, ambako hakurudi. Kibanja, yaani nyumba na migomba yake, ni hiki kimoja. Mama akikikosa, tutaishia Ijuganyondo kwa mjomba Mustapha, kwenye chumba anachofungia mbuzi. Sitampa Kagaruki hata mgomba mmoja.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimeshinda barazani kwa Bashiri, jirani yetu, fundi cherehani. Mteja mmoja kasimulia kwamba huko kwao barabara ilikuwa inakuja moja kwa moja, ikakuta kaburi, ikapinda. Wazungu, kasema, wakimkuta mtu hai wanamwambia hama. Wakimkuta maiti wanavua kofia.

Sikulala mchana kama kawaida yangu. Nimefikiri. Sisi Wahaya mtu huzikwa kibanjani kwake, na kaburi ndilo shahidi wa ardhi kuliko karatasi yoyote. Wenzetu wote wana makaburi. Sisi baba kalala Burma, babu Byabato kalala Ngenge alikozaliwa. Familia yetu ina upungufu wa maiti.

Upungufu hurekebishwa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mama kaenda sokoni. Nimefanya kazi saa mbili tu. Tuta la udongo nje ya jiko, hatua tatu kutoka kwenye kigingi, refu kama mtu. Kichwani nimepanda mlamula, ule mti wetu wa mipakani na makaburini. Juu nimemwaga majivu na majani makavu lionekane la zamani. Mawe yalinipungukia, nikachukua mafiga ya jikoni. Limependeza. Nimelitazama mpaka nikaanza kumhurumia marehemu.

Mama karudi, kasimama hapo na kapu kichwani. Akauliza nani huyu. Nikamwambia ni babu. Akasema babu yako yuko Ngenge, niliwapikia waliomzika, siku tatu moshi machoni. Nikasema basi amesogea karibu. Nikamweleza habari ya barabara kupinda. Hakucheka. Kasema, waitu mwanangu, kaburi lisilo na mtu halikai hivyo hivyo, linangoja.

Hakupika. Alikosa mafiga.

Ijumaa, 8 Oktoba

Baada ya sala watu wamekuja kutoa pole. Sikuwa nimefikiria hilo. Wanawake wamekaa uani, Bashiri kaleta mkungu wa ndizi. Nimesema hajafa mtu, tumelitengeneza tu kaburi la zamani. Bashiri akasema, la zamani gani, Muharami, na babu yako nilimzika Ngenge kwa mikono hii? Nikamvuta kando nikamweleza. Akatikisa kichwa kama anayepima nguo ya mtu mnene kwa kitambaa kidogo. Kasema hatasema neno, ila akiulizwa hatadanganya, ana watoto. Ndizi zake kaziacha.

Mama kawapikia wageni kwa jirani. Ametazama chini siku nzima.

Jumatatu, 11 Oktoba

Ushindi!

Mkubwa wa ofisi mwenyewe kaja, yule Mzungu mrefu tunayemwita Bwana Ramani, na Kagaruki nyuma amebeba mnyororo wa kupimia. Bwana Ramani akaliona kaburi. Akavua kofia. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ndiye babu aliyefungua kibanja hiki. Akasema pole sana, kwa Kiswahili safi. Akauliza kama wapo wengine wamelala hapa. Niliona mmoja anaweza kuonekana mchache, nikasema wapo, huku na huku, hatuwajui wote. Akaandika.

Bashiri hakuulizwa. Alishona kofia ileile tangu asubuhi bila kuinua uso.

Kagaruki kang'oa kigingi chake mwenyewe, matope yakamrukia kwenye soksi. Bwana alipotangulia akanong'ona, kaka, mlamula huu una majani ya jana. Muda bado upo, nipe ruhusa nikuchoree nyumba, tupeleke ombi, mama abaki salama. Nikamwambia akachore viatu vyake. Sina haja ya ombi. Barabara imehama.

Nilimrudishia Mama mafiga. Hakuyataka tena, kachukua mawe mengine mtoni.

Jumatatu, 18 Oktoba

Siku kumi na nne zimekwisha. Nimepita mbele ya ofisi yao mara mbili, mikono mifukoni. Kagaruki alikuwa dirishani. Akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, mpaka wakafunga mlango.

Jumatano, 27 Oktoba

Barua. Nimeisoma mara nne, maana mara tatu za kwanza niliona kosa ni langu.

Bwana Ramani anatushukuru. Anasema mji ulikuwa unatafuta mahali pa kuzikia upande huu, na kwa kuwa kibanja chetu tayari ni mahali pa kuzikia tangu zamani kwa maelezo ya Muharami mwenyewe, kwenye ramani mpya kimepakwa rangi ya makaburi. Chote. Barabara imepindishwa kwa heshima. Sheria ya mji hairuhusu mtu kukaa ndani ya makaburi. Ombi la nyumba halikuletwa, kwa hiyo kwenye ramani hapana nyumba. Tuhame kabla ya tarehe kumi Novemba. Habari ya kiwanja kingine tutaletewa.

Nimemsomea Mama. Akauliza kama rangi hiyo inafutika. Nikasema rangi zote hufutika. Akaenda kuchuma majani ya kufunikia ndizi, akakaa huko migombani mpaka jua likazama.

Alhamisi, 28 Oktoba

Kagaruki kaja bila mwavuli. Kasema dawa ni moja, nyepesi. Niende naye kesho, nimwambie Bwana Ramani kwamba tuta ni tupu. Atakasirika, atapiga meza, atafuta. Kamwona akifuta makosa makubwa kuliko hilo. Yeye atasimama karibu yangu.

Nimeiona mbinu yake. Anataka niseme uongo wangu mbele yake, halafu akawasimulie wenzake wa misheni miaka ishirini.

Mama kasema, nenda, Muharami. Nikasema nitakwenda kwa njia yangu.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimeandika barua ukurasa mzima. Sikukiri uongo, nimetoa taarifa. Nimeeleza kwamba jamaa zetu wa Ngenge walikuja wakamhamisha babu pamoja na wengine wote, kwa sababu za kifamilia, hivyo kibanja sasa ni kitupu na kirudishwe. Nimesaini mara mbili.

Kagaruki kaipokea. Akaisoma. Akafunika macho kwa mkono.

Jumamosi, 6 Novemba

Jibu fupi. Kuhamisha maiti bila kibali ni kosa la jinai. Ofisi itachukulia kwamba barua haikuandikwa. Naona mwandiko wa Kagaruki kwenye mstari huo wa pili. Sijui kwa nini kaingilia mambo yangu.

Jumatano, 10 Novemba

Jana tulihamishia vitu Ijuganyondo. Leo tumerudi kuchukua milango, tukakuta watu.

Mzee mmoja kafia hospitalini, hana ndugu mjini. Ofisi imeelekeza azikwe makaburi mapya ya Hamugembe. Yaani kwetu. Bashiri na wenzake walikuwa wanachimba kati ya jiko na mlango, pale Mama alipokuwa anaanika maharage. Bashiri kasimamisha jembe, akamwambia, dada, utusamehe, tumetumwa.

Mama akasema chimbeni. Akavua khanga ya juu, akajifunga kiunoni, akaingia jikoni akawasha moto. Kawapikia wote, ndizi na maharage, kwa sababu marehemu hakuwa na mtu wa kupika. Walikula. Nilibeba maji.

Halafu akaosha sufuria, akazima moto kwa maji, akamwaga majivu. Sijawahi kumwona anamwaga majivu yote.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu mpaka Ijuganyondo.

Alhamisi, 25 Novemba

Mbuzi wa mjomba Mustapha wanalala ng'ambo ya ukuta. Kwa kweli ukuta hawautambui. Mama anaongea nao zaidi kuliko na mimi.

Leo Kagaruki katembea kwa miguu kutoka mjini na karatasi mkononi. Ofisi inampa Mama kiwanja kingine badala ya kile, cha ukubwa uleule, karibu na maji. Kapigania yeye, mjomba anasema. Jina moja, la Mama, na alama ya kidole gumba. Ifike kabla ya Jumamosi saa sita, baada ya hapo kiwanja kinapewa mtu mwingine. Kanisihi nisiongeze hata nukta. Akaniita kaka tena. Nikaichukua karatasi, nikasema niachie, naishughulikia.

Nimeisoma vizuri peke yangu. Imeandikwa kiwanja kwa kila kaya. Kila kaya! Kagaruki kaliona neno hilo, akanyamaza. Mama ni kaya. Mimi nikiandikwa nina mke, ni kaya ya pili. Shangazi Sada wa Muleba hajakanyaga Bukoba tangu nizaliwe, lakini nani atakwenda Muleba kuuliza? Kaya ya tatu. Na Sada hawezi kukosa watoto wakubwa wawili. Viwanja vitano, vimefuatana, karibu na maji. Bwana Ramani ni mtu wa heshima, ataelewa.

Mama kaingia sasa hivi. Kajipaka masizi ya sufuria kwenye kidole gumba, kakishika juu kisiguse nguo, anauliza aweke wapi.

Nimemwambia akanawe kwanza. Bado naongeza watu.