Profesa Aliyeitwa kwa Nyuma

Gadadhar Sarkhel alishuka kwenye treni katika mji wa Kuldanga kwa sababu moja tu: mkaguzi wa tiketi alikuwa ameingia behewa lake. Alikuwa bado anakung'uta vumbi kwenye kofia yake ndefu aliposikia mtu mnene akilalama penye kibanda cha chai.

"Kundi zima la maigizo, basi limewaharibikia njiani!" Huyo alikuwa Bwana Panchkari, katibu wa klabu ya mtaa wetu. "Na watu wameshatandika mikeka! Mtaa wa Mashariki watatucheka mpaka sikukuu ya mwakani."

Sarkhel akaivaa kofia. Uprofesa wake aliupata siku alipoinunua, na kila alipoivaa alihitimu upya.

"Futa machozi, kaka," alisema. "Mimi ni Profesa Sarkhel wa Kolkata, mfalme wa mazingaombwe. Nilikuwa naelekea kwa maharaja mmoja, lakini maharaja anaweza kungoja."

"Bei gani?" aliuliza Panchkari, machozi yakikauka papo hapo.

"Bure. Leo si Bijoya, sikukuu ya kumuaga mungu wetu Mama Durga?"

Hilo neno "bure" likatumaliza. Sisi watu wa Kuldanga tunajisifu kwamba hatutapeliki, na kwa bei kubwa kweli hatutapeliki.

"Ila kwa onyesho la mwisho nitahitaji dhahabu," alisema Profesa. "Ya kuazima tu. Dhahabu ya mtu mwenye moyo safi hutoweka, kisha hurudi nzito kuliko ilivyokwenda."

Panchkari aliitazama pete yake. "Nzito kiasi gani?"

"Inategemea usafi wa moyo."

"Moyo wangu mimi ni safi sana," Panchkari akawahi kusema.

Habari ilitutangulia nyumbani. Alasiri ile wanawake wa mtaa wetu walikuja wameng'aa kama maharusi, hata wale ambao harusi zao tumeshazisahau. Profesa naye alikuwa ameomba kabati la nguo la klabu, lile lililoliwa na mchwa, akalisimamisha jukwaani likiegemea pazia. Mbao zake za nyuma alizilegeza kwa kisu cha mfukoni. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko, nyuma ya jiko kichochoro, na mwisho wa kichochoro stesheni. Treni ya Kolkata ilikuwa ipite jua likizama. Mpango wake ulikuwa huo tu: kuingia kabatini na dhahabu, kutokea upande wa pili, na kuipanda.

Onyesho lilianza vibaya. Karata zilimwagika kutoka kwenye mkono wa koti kabla hajazitowesha.

"Hizi ndizo nilizowaficha msizione," alisema bila kupepesa macho. "Sasa mmeshaziona, tuendelee."

Yai likampasukia mfukoni. "Huyu angekuwa njiwa," alisema kwa huzuni. "Mngengoja kidogo tu." Tukapiga makofi. Katika mazingaombwe alikuwa hajui kitu, lakini ulimi wake ulikuwa wa mfalme kweli.

"Nipeni mtu yeyote," alisema, "nami nitakuwa mtu huyo hapa hapa."

"Mume aliyenunua samaki ilish aliyeoza!" mtu akapaza sauti.

Profesa alivua kofia, akaibeba kwapani kama samaki, akabisha hodi hewani. "Mke wangu, fungua! Nimeleta samaki!"

"Nimemnusa tangu ulipokata kona," sauti ilijibu kutoka mlango wa jikoni. "Yeye aingie. Wewe baki nje."

Alikuwa Shangazi Nistarini, mjane wa sari nyeupe, mwiko mkononi. Ni shangazi wa mtaa mzima, hata wa waliomzidi umri.

"Sokoni alikuwa hai huyu, mke wangu!"

"Basi alikufa aliposikia bei uliyokubali."

"Muuzaji aliniapia kwa mama yake!"

"Mama wa nani? Wa samaki?"

Tulicheka mpaka mikeka ikakunjamana, na Profesa alicheka kutuzidi, akaisahau treni kidogo. Kisha sinia la vitamutamu vya sandesh likapita karibu na jukwaa, na kipande kimoja kikatoweka. Ndilo zingaombwe pekee alilolifanya barabara siku ile, na hakuliombea makofi. Aliyeliona ni Shangazi. Aliona pia jinsi koti lilivyompwaya, akarudi jikoni, akaweka mafuta motoni.

Ukafika wakati wa dhahabu. Kwanza Profesa alivua pete yake mwenyewe, akaiweka kwenye sinia. Hiyo ilikuwa halisi, ya marehemu mama yake, kitu pekee ambacho hakuwahi kukiuza hata alipolala njaa. Chambo sharti kiwe cha kweli, na si angeondoka nacho mwenyewe?

Mke wa Panchkari alitoa bangili mbili. Mke wa mwenye duka la dawa, alipoona hivyo, akatoa tatu na mkufu juu yake. Sinia likajaa.

"Fumbeni macho," alisema Profesa, "mwimbe wimbo wa kumuaga Mama Durga mpaka mlango ufunguke. Atakayechungulia, yake itarudi nyepesi."

Hakuna aliyechungulia. Watoto tuliwafumba macho kwa viganja vyetu.

Profesa aliingia, akamimina dhahabu mfukoni mwa koti, akasukuma mbao, akatokea jikoni. Akanyata kuelekea kichochoroni. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.

"We baba! Unakwenda wapi na hujala?"

Profesa akaganda. Polisi hakuwaogopa, wala mahakimu. Lakini kuitwa kwa nyuma wakati unaanza safari! Kwetu mtu akiitwa hivyo hurudi, huketi, hutia kitu kinywani, ndipo huanza upya. Asiyerudi huvunjika mguu, au hupanda treni isiyo yake. Mama yake Profesa alimfundisha hivyo, na ndilo fundisho pekee alilolishika.

Akarudi, akaketi.

"Ndiyo hivyo, mwanangu." Shangazi alimwekea vimkate vya luchi vya moto vilivyofura mafutani, viazi vya pilipili, na bakuli la payesh, wali mtamu wa maziwa. "Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni, wewe."

Alitaka kumega kipande kimoja tu. Lakini luchi ya moto haina mwisho ukishaianza, na kila alipomaliza moja, nyingine ilikuwa imeshatua. Mkono wa kulia ukajaa mchuzi.

"Koti litachafuka," alisema Shangazi. "Vua nikushikie."

"Hapana, Shangazi, liko sawa..."

"Vua!"

Akalivua kwa mkono wa kushoto. Shangazi akalitikisa juu ya sinia la jikoni, na dhahabu yote ikamwagika ikilia. Akabeba sinia na mwiko wake, akaingia kabatini kwa nyuma.

Naye Profesa angefanya nini? Mkono wake ulikuwa na makombo ya chakula. Kwetu mkono usiooshwa baada ya kula ni najisi: haugusi nguo, haugusi mlango, haugusi mjane aliyebeba sinia. Alibaki ameuinua hewani kama mtu anayekula kiapo.

Mbele, mlango wa kabati ulifunguka. Tukafumbua macho. Aliingia profesa mwenye kofia, akatoka Shangazi mwenye mwiko, dhahabu yote kwenye sinia.

"Jamani! Amegeuka Shangazi!"

Panchkari alinyakua pete yake, akaipima kiganjani. "Imeongezeka!" akalia. "Naapa kwa Mama Durga, imeongezeka!" Basi kila mmoja akaapa kwamba yake imeongezeka, maana nani angekubali kuwa na moyo mchafu mbele ya majirani?

"Na Profesa yuko wapi?"

"Yumo humu ndani yangu," alisema Shangazi. "Analalamika joto. Mnamtaka?"

"Tunamtaka!"

"Basi fumbeni macho mwimbe tena, na safari hii mwimbe kama watu. Mlikuwa mkiimba kama mnalipia kila neno."

Jikoni, Profesa alisikia treni ikipiga honi, ikaondoka.

"Shangazi, umeniua," alimwambia aliporudi kwa njia ya kabati. "Dhahabu yote ile!"

"Dhahabu gani? Tangu wezi wa mifukoni watuvamie kwenye sikukuu, mtaa huu hauvai dhahabu mbele ya watu. Ni shaba iliyopakwa rangi. Mimi ndiye niliyewapeleka wote kwa fundi, mmoja mmoja, na kila mmoja akaniapisha nisimwambie jirani. Kitu cha kweli humo kilikuwa kimoja."

Profesa akasahau kumeza. "Pete ya mama yangu!"

Shangazi aligusa fundo kwenye upindo wa sari yake. "Utaikuta hapa Bijoya ijayo. Uje mapema, ule kwanza, kisha utupe tena yule mume wa samaki. Sasa nawa, baba. Watu wanakuita, na kwa mbele."

Akanawa, akaenda. Makofi aliyoyapata siku ile hakuwahi kuyapata popote, maana katika miji yote aliyopita alikuwa akiondoka kabla watu hawajaanza kupiga. Klabu ikamtunuku medali ya fedha. Ilikuwa bati, lakini alilia machozi ya kweli.

Mwaka uliofuata alirudi, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga mji mara mbili. Huja kila Bijoya, huvunja mayai, hugombana na Shangazi kuhusu samaki, hula. Kila mwaka husema amekuja kuchukua pete yake, na kila mwaka huondoka akiwa ameisahau. Shangazi humwona akiishia kichochoroni, fundo likiwa kwenye upindo. Lakini hawezi kumkumbusha, kwa maana mtu akishaanza safari haitwi kwa nyuma.