Himmeli Yangu na Sauna ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Desemba
Tangazo limebandikwa ngazini! Mwenye roshani iliyopambwa vizuri kuliko zote Krismasi hii atapewa zamu ya Jumamosi jioni kwenye sauna, bafu la mvuke la jengo zima, kwa mwaka mzima. Zamu hiyo imekaliwa na Kalevi wa ghorofa ya juu tangu jengo lijengwe. Mimi na mke wangu Maire tunaoga Jumanne, baada ya wacheza mpira. Benchi limelowa, kunanuka soksi. Nimechoka!

Kalevi hutundika himmeli ya bibi yake, mabua yaliyotungwa kwa uzi yakaning'inia kama taa. Imefifia, masikini. Nitatengeneza yangu, kubwa zaidi. Mwaka huu atakoma!

Alhamisi, 12 Desemba
Balaa. Sokoni mabua ya himmeli yamekwisha. Yamebaki mafungu ya shayiri, yale tunayowatundikia ndege Krismasi. Nikanunua. Maire akasema hicho ni chakula cha ndege. Nikamwambia bua ni bua. Tena masuke nimeyaacha, yapambe kila pembe. Fundi mimi!

Kwenye lifti Kalevi akaniuliza mbona nina makapi kichwani. Nikamwambia ni mba.

Jumapili, 15 Desemba
Asubuhi niliitundika. Ilipendeza hadi nikataka kulia. Waamuzi wa shindano walikuwa njiani, nikaingia ndani kuwapashia mvinyo wa viungo. Kurudi, lahaula! Ndege! Wenye vifua vyekundu, vya manjano, ukoo mzima. Nikapiga makofi. Nikawatupia kandambili. Wakanitazama tu, midomo imejaa.

Uzi ukakatika. Himmeli ikaporomoka mpaka kwenye theluji, miguuni pa Bi Lempi, mwenyekiti wa jengo na mwamuzi mkuu. Ndege nao wakashuka kuimalizia. Bi Lempi akafuta machozi. Alisema hajawahi kuona mtu mwenye huruma na viumbe kama mimi. Kisha ushindi akampa Kalevi! Mimi nimepewa heshima ya kuwawekea ndege punje uani, kila Jumamosi jioni.

Jumamosi, 21 Desemba
Baridi inakata masikio. Nilikuwa namwaga punje chini ya dirisha la sauna, namsikia Kalevi akimwagia mawe ya moto maji na kuguna kwa raha. Roho iliniuma, jamani. Mara dirisha likafunguka. Akasema we Reino, utaganda huko, waache hao ndege wako uje ujipashe moto.

Nilikwenda mbio. Benchi la juu, kavu, mvuke safi! Kalevi akaniambia nije kila Jumamosi nikishamaliza kulisha ndege, maana peke yake hana wa kupiga naye soga. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ni mtu mwema, kumbe.

Lakini alivyojinyoosha pale kama mwenye nyumba! Pasaka kuna shindano la kupamba milango. Nitaotesha majani mabichi, zulia zima la kijani kuanzia mlangoni hadi uani. Maire ameuliza, na wale sungura wa uani je?

Nimemwambia sungura hana habari na mapambo.